Lami ya Nyumbani Katika Jangwa la Nyanda za Juu: Kuiweka na Kuitunza

Ukihamia Albuquerque, Boise au Reno ukitokea Uvira, Kigoma au Nakuru, unafika na ujuzi wa lami ambao huku hautakusaidia sana. Kwetu barabara huuawa na masika na malori yaliyozidisha mzigo, na macho yetu yamezoea kutafuta mashimo. Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 250, na juu ya njia ya gari ya nyumbani kwako hupita gari lako na la mgeni wako tu. Hata hivyo lami inachakaa upesi. Inapauka, inakakamaa, inapasuka mistari ya kukingama, kisha kingo zinaanza kumomonyoka vipande vipande.

Familia nyingi za Wakongo na Warundi zilizopokelewa Boise na Albuquerque kama wakimbizi zimekwisha kununua nyumba, na njia ya kuingizia gari ni sehemu ya mali hiyo. Ni kazi ya maelfu ya dola. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: lipia kilicho chini ya lami kabla ya kulipia weusi wake. Weusi unauzwa kwa ndoo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Msingi mbovu haurekebishiki tena mpaka ufumue kila kitu.

Jua, ukavu na maji yako mwenyewe

Lami ya moto ni kokoto na mchanga kwa takriban asilimia 95 ya uzito wake, na bitumeni asilimia 5 hivi. Hiyo bitumeni ndiyo gundi, na ndiyo inayozeeka. Miale mikali ya jua pamoja na oksijeni huifanya iwe ngumu na rahisi kuvunjika. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo lami ya Albuquerque au Santa Fe inapigwa na jua kali kuliko lami ya mji wa pwani ulio na joto lilelile.

Halafu kuna tofauti ya mchana na usiku. Katika jangwa la nyanda za juu si ajabu joto kushuka nyuzi 15 au zaidi tangu saa tisa alasiri hadi alfajiri. Lami inatanuka na kunywea kila siku. Ikiwa bado changa inavumilia, ikishakauka inapasuka. Majira ya baridi yakifika, maji kidogo yaliyoingia kwenye ufa yanaganda usiku na kuongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, mchana jua linayayeyusha, usiku yanaganda tena. Katika nchi yenye baridi isiyokatika, barafu inaganda mara moja na kukaa hadi majira ya kuchipua. Hapa mzunguko huo hujirudia wiki hata wiki, na kila mara ufa unapanuka.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji yanayoharibu lami ya jangwani mara nyingi hayatoki mawinguni, yanatoka kwenye mabomba yako. Kagua kinyunyizio cha bustani kinachorusha maji hadi ukingoni mwa lami kila alfajiri. Kagua mpira wa kumwagilia miti unaovuja chini ya changarawe. Kagua kipoza hewa cha maji kilicho juu ya paa, maana bomba lake la kutolea maji ya ziada mara nyingi limeelekezwa ovyo, likidondoka mahali pamoja tangu Mei hadi Septemba. Na kama nyumba yako ina paa bapa la mtindo wa New Mexico, angalia mifereji mifupi inayotokeza ukutani kumwaga maji ya paa, ile ambayo wenyeji huiita canales. Mvua kubwa ya Julai ikinyesha, maji yote ya paa yanaanguka kama nguzo pahali pamoja. Nikikagua lami ya mtu, hapo ndipo ninapoanza: chini ya canale utakuta kokoto zimebaki tupu, bitumeni imekwenda, na ukikanyaga unasikia pamelegea. Weka bamba la zege la kupokea maji hayo na kuyaelekeza pembeni, au mfereji wa kuyashusha taratibu. Fanya hivyo kabla hujaita mtu wa lami.

Udongo kwanza

Udongo wa mabonde na miteremko ya New Mexico una tabia mbili za kuziogopa. Ya kwanza ni kuporomoka. Mchanga na vumbi lililoletwa na mafuriko ya ghafla hukaa kwa kushikana kilegevu, na katika ukavu huonekana mgumu kabisa. Siku maji yanapoingia, ule mshikamano unaachia na ardhi inashuka. Mtu anaweza kuweka lami nzuri juu yake, ikakaa vizuri miaka miwili, kisha bomba la bustani likavuja na lami ikabonyea mahali pamoja. Tabia ya pili ni safu nyeupe ngumu ya chokaa ambayo huku inaitwa caliche. Hiyo ni imara ikiwa kavu, lakini maji hayapiti kwa urahisi. Yanatuama juu yake, chini kidogo ya lami yako. Penye mfinyanzi unaovimba ukilowa, pana shida ya namna nyingine: lami inanyanyuliwa.

Kabla koleo halijagusa ardhi, piga 811. Ni namba ya bure ya Marekani nzima. Watakuja kuweka alama mahali palipopita mabomba ya gesi, maji na nyaya za umeme. Siku chache za kusubiri si hasara.

Baada ya kuchimba na kuondoa udongo legevu pamoja na mizizi yote, kazi ni kushindilia. Na hapa ndipo kazi nyingi za jangwani zinapoharibika, kwa sababu udongo mkavu haushindiliki. Rola ikipita juu ya vumbi kavu mara kumi, juu panalainika na kupendeza, chini panabaki wazi. Udongo unahitaji unyevu wa kiasi ili chembe zake zitelezane na kukaa. Kipimo cha mkono ni hiki: chukua konzi ya udongo, ikamue. Ikifanyika tonge linaloshikana, na ukilibonyeza linavunjika vipande viwili, unyevu unatosha. Ukifungua kiganja na udongo unamwagika, ongeza maji. Kiganja kikilowa, umezidisha. Mkandarasi aliyekuja jangwani bila boza la maji, au hata mpira mrefu wa bomba, hajaja kushindilia, na una haki ya kumuuliza maji yako wapi.

Juu ya udongo uliokaa weka msingi wa kokoto zilizosagwa, za saizi mchanganyiko pamoja na vumbi lake, unene wa sentimita 15 hadi 20 baada ya kushindiliwa. Zisiwe zile kokoto za mtoni zilizo laini na mviringo; zinapendeza bustanini lakini hazing'ang'aniani, gari likipita zinabingirika. Kokoto zenye kingo kali ndizo zinazofungana. Zimwagwe na kushindiliwa kwa tabaka mbili, si kwa mpigo mmoja, maana mashine ndogo haifiki chini ya kokoto za sentimita 20.

Siku msingi unapokamilika, kabla lami haijaagizwa, nenda mwenyewe ukaukague. Chukua kipande cha nondo, kisukume kwa mkono sehemu kadhaa, hasa ukingoni na karibu na sakafu ya gereji. Kikizama, hapo bado. Omba pia gari lenye mzigo lipite polepole huku ukitazama magurudumu: ardhi ikibonyea na kurudi, chini kuna udongo uliolegea au uliolowa, na unapaswa kuondolewa. Hapa ndipo mahali pa kuwa mkaidi. Mkandarasi atakuambia lami itaziba. Haizibi, lami inalala kufuata kilicho chini yake.

Mteremko upangwe katika msingi, siyo katika lami. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha kuondoa maji. Yaelekee mbali na nyumba na mbali na gereji. Kama kiwanja kinateremka kuelekea nyumba, dai mfereji wenye wavu mbele ya gereji na uhakikishe una njia ya kutokea.

Siku ya lami

Uliza mapema ni bitumeni ya daraja gani. Marekani hutumia daraja linaloandikwa herufi PG na namba mbili, kwa mfano PG 64-22. Namba ya kwanza ni joto la lami yenyewe, kwa nyuzi za Selsiasi, ambalo gundi hiyo inalihimili bila kulainika kupita kiasi. Ya pili ni baridi chini ya sifuri inayoihimili bila kupasuka. Mahali penye baridi kali zaidi utaona 28 mwishoni. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji tu mtu anayejua jibu la swali hilo na aliye tayari kuliandika kwenye mkataba.

Unene uandikwe kuwa ni unene baada ya kushindiliwa. Neno hilo moja linaokoa pesa nyingi, kwa sababu lami iliyomwagwa hupungua sana ikipitiwa na rola: ukitaka sentimita 7.5 zilizoshindiliwa, zimwagwe kama 9 na nusu. Kwa gari za kawaida sentimita 5 juu ya msingi mzuri ni kiwango cha chini. Mimi ningelipia 7.5, hasa kama una gari kubwa la mizigo au unapokea malori ya kuhamisha vitu.

Kuna njia ya kuhakiki bila kupima popote. Lami inauzwa kwa uzito, na kila lori linatoka kiwandani na karatasi ya mizani. Chukua mfano wa njia yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 15, yaani mita 60 za mraba. Kwa unene wa sentimita 7.5 inahitaji mita za ujazo 4.5. Mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.3 hivi, kwa hiyo jumla ni tani 10 na ushei. Karatasi itaonyesha tani za Marekani, ambazo ni za pauni 2,000, hivyo tarajia zaidi ya 11. Ikionyesha 7, umepewa unene usiofika sentimita 5, na mkataba unao mkononi. Andika kabisa kuwa utapewa nakala za karatasi za mizani kabla ya malipo ya mwisho.

Lori likifika, tazama linavyomwaga. Lami nzuri hutoka kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi. Inang'aa kiasi, inateleza kutoka kwenye bodi kwa utaratibu na kila kokoto imevaa bitumeni. Moshi wa buluu unaopaa kwa wingi ni dalili kwamba imeunguzwa, na lami iliyounguzwa imezeeka kabla haijalala chini. Ikitoka mabonge mabonge, imepauka na kusimama kichuguu, imepoa njiani. Ikilegea na kusambaa kama uji huku ikimeremeta mno, bitumeni imezidi. Una ruhusa ya kukataa mzigo kabla haujamwagwa. Ukishamwagwa, mazungumzo yanakuwa magumu.

Kuanzia hapo ni mbio. Rola lazima imalize kazi kabla lami haijashuka chini ya nyuzi 80 hivi. Baada ya hapo haishindiliki tena, inavunjika tu. Siku yenye upepo na baridi ya asubuhi, tabaka la sentimita 5 linaweza kukupa dakika 20 au pungufu. Ndiyo sababu huku sipendi lami iwekwe Februari, hata kama bei imeshuka, wala siku ya upepo mkali wa Aprili. Rola iwe nyuma tu ya watu wa reki, si imeegeshwa barabarani ikisubiri dereva amalize sigara.

Kingo ndizo hufa kwanza, kwa sababu hazina cha kuziegemeza. Zipigwe kwa shindilio la mkono zikae kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha lami ikipoa ujaze udongo au changarawe hadi usawa wa juu. Kipande cha mwisho kinachokutana na barabara ya mtaa mara nyingi kiko ndani ya eneo la mji. Uliza ofisi ya jiji kama kinahitaji kibali kabla hakijaguswa.

Wanaogonga mlango

Hili ningependa kila mzazi alisikie, kwa sababu watu wetu wametapeliwa. Wanakuja na lori. Wanasema wamemaliza kazi mtaa wa pili, lami imebaki, wanaweza kukuwekea leo kwa nusu bei, lakini uamue sasa hivi maana inapoa. Lami moto haibaki kwa bahati mbaya kiasi cha kutosha njia nzima. Mkandarasi anaagiza kwa tani. Wanachofanya ni kumwaga tabaka jembamba juu ya vumbi, au kupaka kitu cheusi kilichochanganywa na mafuta, kisha bei inapanda wakishaanza na wanataka fedha taslimu. Wiki mbili baadaye majani yanatokeza, na simu haipokelewi.

Sheria ya shirikisho inakupa siku tatu za kazi kuvunja makubaliano ya dola 25 au zaidi na muuzaji aliyekuja nyumbani bila kuitwa. Kivitendo, siku hizo tatu zinakusaidia zaidi kama kazi haijaanza na pesa haijatoka. Kwa hiyo jibu la mlangoni ni moja: niachie makadirio kwa maandishi, pamoja na namba ya leseni. Kisha itafute namba hiyo. New Mexico wakandarasi wako chini ya Construction Industries Division, Nevada wana State Contractors Board, Oregon wana Construction Contractors Board, na Idaho mkandarasi anapaswa kuwa amejiandikisha na jimbo. Kutafuta ni bure.

Na tafadhali, usimfanye mtoto wa darasa la sita mkalimani wa mkataba. Anajua Kiingereza cha shule, hajui unene baada ya kushindiliwa. Mwombe mtu mzima wa kanisani au msikitini anayefanya kazi za ujenzi akusomee, na ulipe kwa awamu: kidogo mwanzoni, sehemu msingi ukikamilika na kukaguliwa, salio ukishapata karatasi za mizani.

Mwaka wa kwanza

Lami mpya ni laini kuliko inavyoonekana. Gari lisipite kwa siku tatu, na katika joto la Julai wiki nzima ni bora. Baada ya hapo, kwa miezi ya kwanza, usigeuze usukani gari likiwa limesimama; tairi inachuna uso wa lami na kuacha alama ya duara. Chini ya jeki, stendi ya pikipiki au mguu wa trela weka ubao. Usiegeshe mahali palepale kila siku. Watoto wasikanyage peku mchana wa kiangazi, na mbwa pia, kwani lami iliyopigwa na jua hupita nyuzi 60.

Petroli, dizeli na oili huyeyusha bitumeni. Zikidondoka, mwaga mchanga wa choo cha paka au vumbi la mbao, ziache zinyonywe, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya vyombo na maji kidogo. Kazi ya kubadilisha oili ifanyie juu ya zege.

Usipake dawa nyeusi ya kufunika uso wa lami mwaka huu. Bitumeni inahitaji miezi 6 hadi 12 kukomaa, na ukiifunika mapema inabaki laini. Kujua kama wakati umefika, mwaga maji glasi moja. Yakijikusanya matone au yakaonyesha duara za mafuta, ngoja. Yakisambaa sawasawa na kulowesha uso, iko tayari.

Nyufa, kabla ya Novemba

Kama una fedha na nguvu za kufanya jambo moja tu kila mwaka, lifanye hili. Ufa mwembamba kuliko milimita 3 uache, dawa ya kupaka itaufunika. Ule unaoingiza penseli ni wa kuzibwa mwaka huuhuu.

Wakati bora ni mwisho wa Septemba na Oktoba, kabla baridi ya usiku haijaanza kugandisha maji. Sababu ni rahisi. Lami inanywea kwenye baridi na ufa unapanuka. Kwenye joto ufa unajibana. Ukiziba Julai, utajaza ufa uliobanwa, na Januari dawa ya kuzibia itavutwa hadi iachie. Ukiziba katikati ya majira ya baridi, kiangazi dawa itasukumwa nje na kushikwa na tairi. Katika majira ya kati ufa una upana wa wastani, na dawa inaweza kwenda pande zote mbili.

Usafi ndio nusu ya kazi. Kwangua kwa waya au bisibisi ya zamani, toa udongo na mizizi yote, puliza kwa mashine ya kupulizia majani hadi usione vumbi likitoka. Huku utakuta mimea miwili. Mmoja ni mbigiri, uleule tunaoujua nyumbani, wenye miba inayotoboa tairi za baiskeli. Ung'oe kabla haujazaa mbegu. Mwingine ni miche ya elmu ya Siberia, mti uliojaa Albuquerque, ambao mbegu zake hupeperuka majira ya kuchipua na kuota ndani ya kila ufa. Mche wa kidole kimoja leo, ukiuachia, unanyanyua lami.

Ufa ukiwa na kina, tia mchanga mkavu chini, zibaki kama sentimita 2 za kujaza dawa. Ile ya chupa inayomiminwa baridi inatosha kwa nyufa chache. Kwa nyufa nyingi, mlipe mtu mwenye mashine ya kuyeyusha dawa yenye mpira ndani yake. Inadumu zaidi kwa sababu inanyumbuka. Ishie chini kidogo ya usawa wa lami, kisha nyunyiza mchanga mwembamba ili tairi zisiibebe.

Kuna nyufa zisizozibika. Zikikatizana na kufanya vipande vidogo kama magamba ya mamba, msingi chini yake umeshindwa. Kumimina dawa hapo ni kutupa pesa. Kata kipande hicho kwa mraba hadi kwenye lami nzima, chimba, tafuta maji yalikotoka, rudishia kokoto kwa kushindilia, ndipo utie lami. Shimo dogo unaweza kulijaza kwa lami baridi ya gunia, kwa tabaka za sentimita 5, ukishindilia kila moja na kumalizia juu kidogo ya usawa, kwani magari yataikalisha.

Dawa nyeusi

Dawa ya kupaka juu ni kinga ya jua. Haiongezi nguvu, haizibi ufa mkubwa, haitengenezi msingi. Lakini katika jangwa la juu kinga hiyo ina thamani kuliko mahali pengi, na kila miaka mitatu au minne ni ratiba ya busara. Kupaka kila mwaka kunajenga gamba nene ambalo lenyewe hupasuka na kubanduka. Tumia tena kipimo cha glasi ya maji: kama maji bado hayanywewi, subiri mwaka mwingine.

Nunua dawa inayotokana na bitumeni. Ile inayotokana na lami ya makaa ya mawe ina kemikali zinazoitwa PAH, ambazo baadhi husababisha saratani. Watafiti wa USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, walikuta viwango vyake ni takriban mara 1,000 ya vile vya dawa ya bitumeni. Vumbi lake huingia ndani kwa viatu, na watoto hucheza sakafuni. Mji wa Austin uliipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington mwaka 2011. Soma kopo mpaka mwisho.

Siku ya kupaka joto lisiwe chini ya nyuzi 10 mchana na usiku wake, na mvua isitarajiwe kwa saa 24. Albuquerque hilo linaacha nafasi mbili nzuri: baada ya pepo za majira ya kuchipua kutulia, mwisho wa Mei na Juni, au Septemba mvua za radi zikishapungua. Boise na Reno kiangazi ni kikavu, kwa hiyo una nafasi pana zaidi. Anza asubuhi. Hewa kavu ya mchana hukausha uso wa dawa kabla chini hakujashika, kwa hiyo nyunyizia lami ukungu wa maji kidogo kwanza, pasituame. Paka mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa uzito, changanya mchanga ili watu wasiteleze, na ufunge njia kwa siku mbili.

Theluji

Upande wa kaskazini wa nyumba, ambako kivuli hakiondoki Desemba nzima, ndiko barafu hukaa. Palipo na jua, ondoa theluji mapema na uache lami nyeusi ijikaushe yenyewe. Hufanya hivyo kufikia saa sita. Kwenye kivuli tumia mchanga kwa ajili ya kukanyaga. Chumvi haili lami kama inavyokula zege, ila inayeyusha barafu, na maji hayo yanaingia kwenye nyufa kisha yanaganda tena. Koleo liwe la plastiki.

Wakati wa kufumua

Theluthi moja ya njia ikishakuwa magamba, acha kutibu. Kuweka tabaka jipya juu ya msingi uliokufa kunakupa mwaka mmoja au miwili ya kupendeza, kisha nyufa zilezile zinatokeza pale pale. Tabaka la juu linafaa tu pale ambapo lami imezeeka lakini haijabonyea, na lazima lipakwe gundi ya lami katikati.

Wanaoishi nje ya mji, wenye njia ya mita mia moja hadi barabarani, wana chaguo jingine la heshima: lami ya zamani iliyokwanguliwa na kusagwa. Inamwagwa juu ya msingi, inaloweshwa, inashindiliwa siku ya joto kali, na jua hilihili linalotusumbua linaisaidia kushikana. Vumbi linapungua, na bei yake ni ndogo kuliko lami mpya.

Na kama unafumua yako, jua kwamba lami kuukuu ni mali. Viwanda huisaga na kuirudisha ndani ya lami mpya. Andika kwenye mkataba nani anaichukua, nani analipia usafirishaji wake, na kama mkandarasi anakwenda kuiuza, mwombe aipunguze kwenye bei.